Mwitongo, Butiama: Nyumbani kwa Mwalimu Nyerere

Mwitongo ni sehemu ya mwinuko yenye mawe makubwa katika kijiji cha Butiama, mkoani Mara, mashariki mwa Ziwa Viktoria. Hapo ndipo alipozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, ndipo alipokuwa akirudi kila alipopata mwanya katika miaka ya uongozi wake, ndipo alipohamia baada ya kung'atuka, na ndipo alipozikwa Oktoba 1999. Mwaka huohuo wa 1999 yalifunguliwa hapo Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, ambayo ni tawi la Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Anayefika Mwitongo, basi, hazuru jengo la makumbusho peke yake. Anaingia katika boma la ukoo: nyumba, makaburi, mashamba na msitu wa jadi vyote viko pamoja, na historia ya mahali hapo ilianza zamani kabla ya mtoto huyo kuzaliwa.

Njia ya kufika si ngumu. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari hupita Makutano, na hapo msafiri huacha lami hiyo kuu akashika barabara ya mashariki inayoelekea Butiama na kuendelea hadi upande wa Serengeti. Nchi yenyewe ni ya vilima vidogo na miamba ya matale iliyorundikana kana kwamba imepangwa kwa mikono, na katikati yake mashamba ya mahindi, mihogo na mtama. Musoma, mji mkuu wa mkoa, uko ufukweni mwa ziwa, mwendo wa kilomita zipatazo arobaini. Umbali huo ni vema ukumbukwe, kwa kuwa utajitokeza tena katika masimulizi ya utoto wa Nyerere.

Wazanaki, wenyeji wa Butiama, ni kabila dogo. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mtawala mmoja wa wote. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo na marika, na waliokuwa na sauti kubwa zaidi walikuwa waganga na wenye uwezo wa kuomba mvua. Wajerumani walipoishika nchi walitaka mtu mmoja wa kumpa amri na wa kuwakusanyia kodi, kwa hiyo waliweka machifu hata pale ambapo hawakuwako. Kwa utaratibu huo Nyerere Burito, mwanamume aliyezaliwa karibu mwaka 1860, aliteuliwa kuwa chifu mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walifukuzwa katika eneo la ziwa, Waingereza wakaingia, nao wakamwacha Burito kitini pake. Jina la Nyerere lenyewe alipewa kwa sababu mwaka aliozaliwa nchi ilivamiwa na viwavi jeshi. Hivyo jina ambalo baadaye lilijulikana dunia nzima lilitokana na balaa la mashamba ya Wazanaki.

Burito alikuwa na wake 22. Kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya boma, na watoto walilelewa kwanza katika nyumba ya mama kabla ya kuhesabiwa kuwa wa baba. Mmoja wa wake hao alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe, na katika nyumba yake ndimo alimozaliwa mtoto wa kiume tarehe 13 Aprili 1922, wakati wa masika. Kwanza aliitwa Mugendi. Muda mfupi baadaye, kwa ushauri wa mganga, jina likabadilishwa kuwa Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Nyumba za miti, udongo na nyasi za wakati ule hazikujengwa zidumu karne nzima, na ndiyo maana kumbukumbu ya Mwitongo imetunzwa zaidi na eneo lenyewe, makaburi yake na simulizi za wazee kuliko na kuta.

Utoto wa Kambarage ulikuwa utoto wa kawaida wa Kizanaki, ingawa baba yake alikuwa chifu. Alichunga mbuzi na ng'ombe, akamsaidia mama yake shambani, akatahiriwa kwa desturi ya kwao, na meno yake ya mbele ya juu yakachongwa kwa ncha, kama ilivyokuwa mila. Picha za rais zilizotundikwa katika ofisi za serikali kwa miaka mingi zilionyesha meno hayo waziwazi kila alipotabasamu. Mgeni aliyekwisha kupita Mwitongo huyatazama kwa jicho jingine, kwa sababu anajua yalichongwa wapi na kwa nini.

Shule ilimjia kwa njia ya mchezo. Inasimuliwa kwamba Chifu Mohamedi Makongoro wa Ikizu, rafiki na jirani wa Burito, alimwona kijana huyo akicheza bao na wakubwa, akastaajabu jinsi alivyohesabu kete, akamshauri baba yake ampeleke shule. Huenda masimulizi yamepamba kidogo, lakini yanalingana na yale yanayojulikana: serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwahimiza machifu wapeleke watoto wao wa kiume shuleni ili wapatikane warithi wanaojua kusoma na kuandika, na Nyerere alibaki mpenzi wa bao hadi uzeeni. Februari 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alianza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Zile kilomita zipatazo arobaini kutoka Butiama alizitembea kwa miguu. Alikaa bwenini, na kupitia rafiki aliyesoma naye akaanza kufuata mafundisho ya dini kwa mapadri wa misheni ya Nyegina, nje kidogo ya Musoma.

Mwaka 1936 alifaulu mtihani kwa alama za juu, akapata nafasi katika Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo mwanzoni ilikusudiwa wana wa machifu. Huko alikaa hadi 1942. Machi ya mwaka huo, Kambarage akiwa katika mwaka wake wa mwisho, Burito alifariki dunia. Kijana aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, na shule ikamkatalia. Wanaosimama leo mbele ya kaburi la Burito pale Mwitongo, hatua chache tu kutoka kaburi la mwanawe, wangefaa kulijua jambo hilo, kwa sababu linaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi jinsi ukoloni ulivyoingia hata katika msiba wa nyumba. Kiti cha uchifu kilirithiwa na kaka yake, Edward Wanzagi. Kambarage naye, baada ya kifo cha baba, aliamua kubatizwa, na Desemba 1943 akapata jina la Julius.

Makerere, ualimu katika shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 ni sehemu za maisha yake zinazojulikana sana. Kwa historia ya Butiama, kilicho muhimu ni alichofanya aliporudi. Alifika nyumbani mwishoni mwa mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A., Mtanganyika wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha Uingereza, na badala ya kukaa akihudumiwa alianza kujenga nyumba. Alifyatua matofali na kujenga kwa mikono yake mwenyewe, jambo lililowashangaza majirani, kwani hawakutarajia kumwona msomi wa Ulaya, mtoto wa chifu, amejaa udongo. Alikuwa akiandaa makazi ya bibi arusi. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, mwalimu, kisha wakaenda Pugu, karibu na Dar es Salaam, ambako alikuwa amepata kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransis.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa na Nyerere akawa rais wake. Mwaka 1955 alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka huo alirudi Mara bila mshahara wowote, akaishi kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll. Kipindi hiki kifupi husahauliwa na wengi, ilhali ndicho kinachoonyesha Butiama ilikuwa nini kwake: mahali pa kutua mzigo aliposhindwa kwingine, penye chakula cha shambani na lugha ya mama. Kisha akarejea Dar es Salaam, akahamia Magomeni, na harakati za uhuru zikamchukua moja kwa moja hadi tarehe 9 Desemba 1961.

Baada ya uhuru uhusiano wake na Mwitongo uliingia katika jambo zito. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote. Nyerere aliona kwamba taifa lenye makabila zaidi ya 120 haliwezi kujengwa juu ya viti ambavyo vingi viliwekwa au kuimarishwa na wakoloni. Sheria hiyo haikuwaacha wa kwao. Uchifu wa baba yake, alioupokea Wanzagi mwaka 1942, ulifikia mwisho kama uchifu wa wengine wote. Makumbusho ya Butiama yamesimama basi juu ya ardhi ya chifu, yakimkumbuka mtoto wa chifu aliyeufuta uchifu. Hakuna sehemu nyingine nchini ambako historia hiyo inaonekana karibu hivyo, na mwongozaji mzuri wa wageni huanzia hapo.

Ndani ya jengo la makumbusho historia imepangwa kuanzia ukoo na utamaduni wa Wazanaki hadi kwa mkuu wa nchi. Kuna picha nyingi: Nyerere mwanafunzi, Nyerere wa TANU aliyevaa shati la mikono mifupi, Nyerere akiwa na viongozi wa nchi nyingine za Afrika, Nyerere mzee kijijini. Kuna nguo na vitu vyake binafsi, na kuna zawadi alizopewa na wananchi wa mikoa mbalimbali na wageni wa kimataifa. Zawadi ndizo huvuta macho ya watoto wa shule, lakini vitu vidogo ndivyo vyenye uzito. Mtu aliyekuwa mkuu wa nchi kwa zaidi ya miaka ishirini, ambaye Oktoba 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na ambaye chama chake kwa Azimio la Arusha la 1967 kiliwakataza viongozi kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni, hupimwa pia kwa mali aliyoiacha nyumbani. Mali hiyo, kwa kiwango cha marais, ni kidogo sana.

Nyumba zilizoko katika boma hilo zinasimulia jambo hilohilo kwa namna tofauti. Iko nyumba aliyoitumia alipokuwa rais, iliyojengwa kwa usawa wa mahitaji ya mtu mwenye familia kubwa na wageni wengi, bila fahari ya ikulu. Iko pia nyumba kubwa zaidi iliyojengwa na Jeshi la Wananchi kama zawadi, kwa kumbukumbu ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Tanzania na hatimaye kutimuliwa hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nyumba hiyo ilikamilika akiwa mzee, na hakupata kuikalia kwa muda mrefu. Kwa kuwa familia bado inaishi Mwitongo, sehemu hizi ni makazi, si maonyesho tu. Mgeni huenda kwa adabu, hubisha hodi, hufuata maelekezo ya mwenyeji kuhusu wapi aingie na wapi apige picha. Desturi hiyo inafaa kulindwa. Nyumba ya kiongozi ikishahamwa na wenyewe na kuachiwa walinzi na vioo, hugeuka haraka kuwa ghala.

Vitabu ni sehemu nyingine ya hazina ya boma hilo. Nyerere alisoma na kuandika maisha yake yote. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari rais, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Baada ya kustaafu aliifanya kazi kubwa zaidi: kuzitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, vitabu vilivyochapishwa mwaka 1996. Kazi ya namna hiyo inadai miaka ya utulivu na sikio lililozoea mizani na vina. Butiama ilimpa utulivu huo.

Aliacha urais tarehe 5 Novemba 1985, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Wakuu wengi wa nchi za Afrika wa kizazi chake waliondolewa kwa mtutu, wakafia uhamishoni au wakafia madarakani. Yeye alirudi kijijini kulima. Alikuwa na mashamba na mifugo, alihudhuria misa, na jioni alicheza bao na wazee wenzake. Wala hakujitenga na dunia: kuanzia 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza hali ya nchi zinazoendelea, na mwaka 1996 alianza kusuluhisha mgogoro wa Burundi, mazungumzo yakifanyika kwanza Mwanza na baadaye Arusha. Watu walimfuata Butiama kwa mambo ya taifa na ya nje, naye aliwapokea palepale alipokuwa baba yake akiwapokea wenye mashauri.

Jambo moja linahitaji kusemwa kuhusu makumbusho yote ya aina hii. Nyumba ya kuzaliwa hupenda kusimulia wema, na mwenye nyumba akiwa amezikwa uani ni vigumu kuongea mengine. Lakini uongozi wa Nyerere ulikuwa na sura ambazo Mtanzania wa leo ana haki ya kuzijua anapozuru kwake. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilipitishwa mwaka 1962. Novemba 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kulitangazwa kuwa amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao za zamani zikavunjwa. Nyerere mwenyewe hakuogopa kukiri kwamba yapo yaliyokosewa. Anayemheshimu kwa dhati hana sababu ya kuyaficha, na makumbusho yatakayoyaeleza kwa kina yatakuwa yamefuata nyayo zake.

Msitu wa Muhunda, ulio jirani na boma, ni wa zamani kuliko vyote. Kwa imani ya Wazanaki humo hukaa mzimu wa jadi unaoweza kujitokeza kwa sura ya mnyama, na kukata mti ndani yake ni mwiko. Mwiko huo umefanya kazi ambayo sheria za misitu zimeshindwa kufanya kwingineko: wakati vilima vya jirani vimepoteza miti kwa kuni na mashamba, Muhunda bado una miti mikubwa na nyani. Nyerere alikuwa Mkatoliki mwenye kusali kwa bidii, lakini msitu wa wazee wake ulibaki umesimama kando ya nyumba yake. Kwa mgeni mwenye nafasi ya saa moja tu, matembezi ukingoni mwa msitu huo yana thamani sawa na kabati za vioo.

Mwalimu aliugua saratani ya damu na kufariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Mwili uliletwa Dar es Salaam, ambako maelfu kwa maelfu ya watu walijitokeza kuuaga, kisha ukasafirishwa hadi Butiama, na mazishi yakafanyika tarehe 23 Oktoba. Kaburi limejengewa jengo lake maalumu, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mama yake, Mgaya, alikuwa amefariki mwaka 1997 akiwa na umri unaokadiriwa kuzidi miaka 100. Alimwona mwanawe akienda Mwisenge kwa miguu, akamwona akiwa rais, akamwona akirudi kulima.

Tangu hapo Oktoba 14 ni siku ya mapumziko ya kitaifa, na siku hiyo Butiama hupokea wageni kuliko wakati wowote mwingine: viongozi wa serikali, wanafunzi, mahujaji. Hawa wa mwisho wameongezeka tangu mwaka 2005, pale Kanisa Katoliki kupitia Jimbo la Musoma lilipoanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana kijijini hapo kujadili mwafaka wa Zanzibar, ishara kwamba jina la mahali hapo lilikuwa na uzito wa kisiasa hata baada ya mwenyewe kuondoka. Butiama sasa ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo, na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kimepewa jina la Mwalimu.

Anayetaka kuifuata historia hii hadi mwisho hawezi kuimaliza Mwitongo pekee. Nyumba ya Magomeni, Dar es Salaam, inahifadhi kumbukumbu za miaka ya TANU. Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977 katika jengo ambamo azimio hilo lilipitishwa, yanaeleza siasa ya ujamaa. Magari aliyoyatumia akiwa kiongozi yako Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mpangilio unaofaa ni kuanza Butiama, kwa kuwa maonyesho ya miji hiyo humwonyesha mtu ambaye tayari ni kiongozi, na Mwitongo peke yake ndiko anakoonekana akiwa bado mtoto wa Mgaya.